Maji ya Mtoto Asiye na Meno

Nilikuwa mtoto wa miaka minane, jino la mbele limeng'oka, siku nilipobebeshwa maji ya kumzikia mdogo wangu. Kibuyu chenyewe kilikuwa kidogo, ila njia ilikuwa ya kuteremka na umande haujakauka, kwa hiyo niliteleza mara mbili, na mara zote mbili Bibi alinidaka mkono. Mama alitangulia. Mtoto alikuwa mgongoni kwake, amefungwa kwa kitenge vilevile alivyokuwa akifungwa kwenda kliniki, na kama ungekutana nasi njiani ungetuamkia tu na kupita.

Nieleze vizuri, maana waliokulia mjini wanaweza kudhani natunga. Kwetu Mbozi, kwenye vilima vya kahawa, mtoto aliyekufa kabla hajaota meno hakuzikwa makaburini pamoja na wakubwa. Alizikwa na wanawake peke yao, asubuhi, kwenye udongo wenye maji na kivuli. Sababu yake nilielezwa na Bibi, mama yake baba, siku hiyohiyo. Mtoto asiye na meno chakula chake ni cha kunywa tu. Akilazwa pakavu anaona kiu, akiona kiu analia, na mama akimsikia analia, tumbo lake haliwezi tena kushika mtoto mwingine. Na mwanaume hatakiwi kupajua mahali penyewe. Akipajua, hata kwa bahati mbaya, tumbo linafungwa vilevile.

Mahali penyewe palikuwa bondeni, chini ya shamba letu. Tulipaita kichaka cha akina mama. Kilikuwa kipande cha msitu wa zamani kilichobaki baada ya watu kulima kila mahali, mikuyu minene na miti mingine ambayo hadi leo naijua kwa Kinyiha tu, na katikati ya mizizi palikuwa na chemchemi ambayo haikuwahi kukauka. Wanaume walijua kwamba watoto wanalazwa humo. Wapi hasa, hawakujua, na mwanaume mwenye adabu hakuuliza.

Watoto wengine walikuwa ndani, kule giza lilikokuwa zito. Mama alikataa kwenda ndani. Alisimama ukingoni, upande wa chini, hatua chache tu kutoka pale tulipokuwa tunachota maji, akasema, "Hapa."

"Hapa ni karibu mno na mashamba," Bibi alisema.

"Hapahapa, mama. Nikija kuchota nitakuwa namwona."

Bibi hakubishana naye. Walichimba, wakamlaza akiangalia maji, wakanipokea kibuyu wakamwagia, kisha wakaweka juu jiwe bapa ambalo mtu asiyejua angedhani ni la kufulia. Hakuwa na jina. Alikaa nasi wiki tano, homa ikamchukua kwa siku mbili. Wakati wa kurudi Bibi alinishika kidevu, akatazama pengo langu. "Huu mdomo wako wenye dirisha," alisema, "uufunge. Baba yako asijue. Umenisikia, Tumaini?"

"Nimesikia, Bibi."

Sasa nimseme baba yangu, na nimseme kwa haki. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa utani, mwenye kucheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake mwenyewe. Mtu akiniuliza nani aliharibu chemchemi ya kwetu, jibu ni baba. Mtu akiniuliza nani alinisomesha, jibu ni baba, na ni kwa jembe lilelile. Nimeishi na majibu hayo mawili na hayajawahi kupatana.

Miaka ile kahawa yetu ilikuwa inakufa. Ugonjwa wa chulebuni ulikuwa unaingia kwenye matunda yakiwa bado mabichi, yanakuwa meusi, yanadondoka. Mahindi nayo yalilimwa kwenye udongo uliochoka. Ndipo akaja bwana shamba mgeni, kijana mpole mwenye pikipiki, na habari za miche mipya ya kahawa ambayo chulebuni haiiwezi. Sisemi kwa kejeli, alisema kweli. Miche ile iliokoa nyumba nyingi, ya kwetu ikiwemo. Ila ilihitaji kitalu, na kitalu kilihitaji maji kiangazi chote, na udongo mweusi mzuri wa kujazia viriba, ile mifuko ya nailoni ya kuoteshea miche. Baba alichaguliwa awe na kitalu cha kitongoji kizima. Alifurahi, akarudi nyumbani anatembea upande upande kwa furaha.

"Nimepata mahali," alitwambia mezani. "Ukingo wa chini wa kichaka. Sitaingia ndani, msiniangalie hivyo! Ukingo tu, kipande cha kutandika mkeka."

Mama alikuwa anapakua ugali. Mwiko ulisimama hewani.

"Usilime pale, mwanangu," Bibi alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Usilime tu."

"Mama, nipe sababu. Wa huko ndani mimi siwagusi, nawaheshimu. Huku ukingoni kuna nini?"

Bibi alimtazama mama, mama akamtazama Bibi, mimi nikatazama ugali. Kusema kuna nini kulikuwa ndiko kumwonyesha. Baba alisubiri, na nakumbuka alisubiri kwa heshima kabisa, kijiko cha mboga mkononi. Hakuna aliyemjibu. "Basi," alisema, "kama hakuna sababu, kesho tunafyeka."

Nimehudhuria mikutano mingi ya kilimo tangu siku hiyo, nikiwa upande wa meza kuu, na kila bwana au bibi shamba anapouliza, "Kuna mwenye swali?" wanawake wa nyuma wakainamisha vichwa, mimi naona ule mwiko. Tunaandika kwamba wananchi wamekubali. Tunafunga daftari tunaondoka.

Walifyeka siku mbili. Mama alikuja na ndoo yake siku ya pili, akakuta jua limeingia hadi kwenye maji. Jiwe lilikuwa bado lipo, majani ya miti iliyokatwa yamelilalia. Alichota, akajitwisha, akaondoka. Kuanzia siku hiyo hakurudi pale. Alikuwa anakwenda mtoni, mbali, anarudi shingo imekakamaa, na akifika anaitua ndoo na kuingia ndani bila kumsalimu mtu. Chakula alikigusa tu. Usiku hakulala, nami nilijua anasikiliza nini.

Baba akadhani ni chuki ya kahawa. "Mama yako ana nini na mimi?" aliniuliza tukiwa kitaluni, mimi najaza viriba, yeye anachimba udongo. "Kahawa hii ni ya nani kama si yake? Nimemkosea nini, hebu niambie wewe, maana mwenzangu hasemi."

Nilikuwa nahesabu mapigo ya jembe lake. Tangu asubuhi alikuwa akichimba kwa kurudi nyuma, kila safu inamsogeza, na udongo ulikuwa unazidi kuwa mweusi na laini. Alisifu udongo huo. "Tazama huu!" alisema. "Huu hata ukipanda kijiti kinaota." Kisha akainama, akashika jiwe bapa kwa mikono miwili, akalisukuma pembeni, akanyanyua jembe.

"Baba, usichimbe hapo! Mtoto!"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Jembe lilibaki juu. Alinitazama, akatazama chini, akanitazama tena, na niliona ikimwingia pole pole, usoni kwanza, kisha mabegani. Alilishusha jembe kwa mkono mmoja, akaliweka mbali, akavua mabuti yake, akasimama pekupeku kwenye ule udongo aliokuwa akiusifu.

"Hapa?"

"Hapo, baba. Chini ya jiwe."

"Alilazwa anaangalia wapi?"

"Huku kwenye maji."

Alipiga magoti, akalirudisha jiwe. Hakulirudisha mara moja. Alilirudisha, akalisogeza kidogo, akalisogeza tena, mpaka likakaa lilivyokuwa limekaa. Kisha akavaa kofia yake na kuishusha hadi puani, na ndipo nikaelewa kwamba baba anaweza kulia. Nilikuwa sijui. Mazishi ya mtoto wake yalikuwa yamempita, alibaki nyumbani amekaa kwenye kigoda kama wanaume wote, na sasa yalikuwa yamemfika peke yake, miezi mitano baadaye, na mimi ndiye shahidi.

"Tumaini," alisema chini ya kofia. "Mama yako asijue kwamba najua. Unaelewa kwa nini?"

"Tumbo litafungwa."

"Mimi hayo siyaamini," alisema yule mzee wa kanisa. Akachukua mabuti yake. "Ila asijue."

Kesho yake kitalu kilihamishwa nyuma ya nyumba. Bwana shamba alishangaa, watu walicheka, na baba akawaambia kwamba bondeni kuna wadudu. Maji akawa anayabeba kwa baiskeli kutoka mtoni, madumu manne kwa mpigo. Lakini miti ilikuwa imeshakatwa. Jua lilikuwa linapiga lile jiwe kuanzia saa nne hadi saa kumi, na hilo hakuweza kulihamisha.

Hapa ndipo penye kosa ambalo mimi huota mpaka leo. Baba alitaka kurudisha kivuli. Alitaka upesi, kabla kiangazi hakijakausha udongo, na mkuyu hauna haraka. Miche ya milingoti, ambayo wengine huiita mikaratusi, ilikuwa inagawiwa bure kijijini wakati huo. Mji wa Tunduma ulikuwa unajengwa kwa kasi, mirunda ya kujengea inatakiwa, kila mtu anapanda milingoti, na sifa yake ilikuwa moja tu, kwamba inakua huku unaiangalia. Baba alichukua miche, akaipanda kuizunguka chemchemi, mistari mitatu. Mimi nilikuwa namshikia mche wima huku yeye anafukia. Nilishika kila mche. Mikono yangu ilikuwa midogo na niliona fahari.

Mti ni mti, ndivyo tulivyodhani.

Na kwa kweli mwanzoni tulibarikiwa. Ndani ya miaka miwili palikuwa na kivuli. Mama alisikia wanawake wakisema bondeni kumekuwa kuzuri tena, akaenda kuangalia, akarudi na ndoo imejaa. Jioni ile alimuuliza baba kama anataka chai. Najua si habari kubwa. Ila baba alisimama, akatoka nje, akawa anazungukazunguka uani anawasemesha kuku.

Mwaka wa tatu maji yalipungua. Wa nne tulikuwa tunachota kwa kopo, tunasubiri yajae, tunachota tena. Wa tano chemchemi ambayo Bibi aliikuta na bibi yake aliikuta ilibaki tope, halafu ufa. Milingoti ilikuwa mirefu, imenyooka, inanukia vizuri. Kijijini walisema mwenye chemchemi kahama. Bibi alisema kitu kingine. Alikuwa mgonjwa tayari, hatoki kitandani, na mama alikuwa hajapata mimba nyingine miaka yote hiyo.

"Kuna mtu alifungua mdomo," Bibi aliniambia siku moja nikimnywesha uji. Alikuwa ananitazama jicho kwa jicho. "Tumaini, ni wewe?"

"Si mimi, Bibi."

Akafungua mdomo apokee kijiko. Alifariki wiki ile. Nimemdanganya mtu mmoja tu maishani kwa namna ambayo siwezi kuirekebisha, na ni yeye.

Nikabaki na mzigo wangu. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na hesabu yangu ilikuwa rahisi. Nilisema, baba akajua, tumbo likafungwa. Tukapanda miti, maji yakaondoka, mtoto akapata kiu. Kwa vyovyote nilivyoanza kuhesabu nilikuta mikono yangu imo. Basi siku moja nikatoka shuleni na kopo la maji nimelificha chini ya sweta, nikashuka bondeni nikamnyweshe.

Udongo ulikuwa umelowa.

Ulikuwa Oktoba. Vumbi lilikuwa limefunika kila kitu, hata majani ya migomba yalikuwa mekundu, lakini kulizunguka lile jiwe bapa, upana wa beseni, udongo ulikuwa mweusi na baridi. Niligusa kwa kidole. Nikatazama huku na huku, hakuna mtu. Nywele zilinisimama. Nilikimbia hadi nyumbani, kopo limemwagika lote kifuani, nikamwambia mama kitu cha kwanza kilichonijia: "Mama, pale kwa mtoto pamelowa!"

Mama aliacha kupepeta maharage. Alikwenda peke yake, akakaa sana. Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini uso umetulia, umetulia kwa namna ambayo nilikuwa nimeisahau. "Ni kweli," alisema. "Pamelowa." Akaendelea na maharage yake. Usiku ule alilala, nilimsikia akikoroma, na mimi nikalia kwa furaha chini ya blanketi. Nikaamini kwamba kule chini kuna mtu anamhurumia.

Miaka ikaenda. Kahawa mpya ilizaa. Kwa kahawa ile nilisoma sekondari, na kwa kahawa ile nikaenda chuo cha kilimo, na huko siku moja mwalimu akaandika ubaoni miti isiyofaa kupandwa kwenye vyanzo vya maji. Mlingoti ulikuwa wa kwanza. Akaeleza jinsi mizizi yake inavyokunywa. Niliweka kalamu chini. Wenzangu waliandika, mimi nilikuwa naona vidole vyangu vimeshika mche wima. Likizo nilirudi nyumbani nimejiandaa kumweleza baba, nikamkuta ameshaikata yote. Ila mlingoti ukikatwa unachipua, na kila kisiki kilikuwa kimetoa vijana wanne. "Nimesikia redioni," baba alisema, akakata machipukizi mbele yangu, moja moja. 

Leo mimi ndiye bibi shamba. Niko Momba, kata ya Msangano, na pikipiki yangu mwenyewe. Watu wanafyeka miombo walime ufuta, ardhi ikichoka wanasogea mbele, na magogo yanageuka mkaa wa Tunduma. Kazi yangu ni kuwashawishi wabaki kwenye ekari walizonazo, kwa mbegu bora, kwa nafasi sahihi, kwa samadi, kwa mikunde, wavune zaidi bila kwenda kuufungua msitu. Na kwenye maji, mita sitini, sheria inasema. Juzi baba mmoja aliniuliza mbele za watu, "Sasa dada, hizo mita sitini watoto wangu watakula kivuli?" Watu walicheka. Mimi sikucheka, na sikumkasirikia, maana nilimjua. Nilimwambia tukaangalie shamba lake kwanza, tukatembea naye hadi jioni. Siwezi kumnyooshea kidole mtu anayefyeka ili mtoto asome. Sketi yangu ya shule ilitoka huko. Ila sasa kabla sijafunga mkutano wowote nawaomba akina mama tukutane peke yetu, chini ya mti wowote, bila daftari, na nawauliza pale mnapotaka pasilimwe ni wapi. Wananionyesha kwa kidevu. Siulizi sababu.

Mwaka jana, kabla ya mvua, niliitwa nyumbani. Baba alikuwa amepooza upande mmoja. Nilimkuta amelazwa sebuleni karibu na dirisha, mdomo umeenda kando, lakini akili yote ipo. Mama alikuwa ametoka, alisema anakwenda kwenye maombi ya akina mama. Baba alisubiri hadi mlango ukafungwa.

"Tumaini. Nyuma ya stoo kuna keni."

"Ya kumwagilia miche, baba? Nani ana miche sasa hivi?"

Alifumba macho, akayafumbua. Kila neno lilimgharimu. "Kamnyweshe mdogo wako. Leo ni siku ya nne hajanywa."

Nilisimama pale sebuleni, mtu mzima mwenye cheti cha kilimo ukutani, na nikahisi tena nywele zikisimama. Miaka yote ile. Alikuwa anaamka kabla ya jogoo, tunasikia baiskeli, tunasema baba ana bidii na kitalu chake. Hata kitalu kilipokwisha aliendelea kwenda mtoni, na hakuna aliyejiuliza yale maji ya alfajiri yalikuwa yanamwagilia nini.

"Mama yako asijue," alisema.

Nilichukua keni, ndoo ile ya bati yenye mdomo wa vitundu, nikaijaza kwenye pipa, nikashuka. Visiki vya milingoti vilikuwa vimechipua tena kwa siku zile nne. Na pale kwenye jiwe alikuwa amekaa mama yangu, na dumu la lita tano pembeni, na udongo umeshalowa.

Tuliangaliana. Aliona keni.

"Kakutuma," alisema.

"Unajua, mama?"

"We! Tangu mwaka ule uliokuja unakimbia na kopo. Nilipofika niliona alama. Maji ya ardhini hayana vitundu, mwanangu. Yalikuwa yamemwagwa kwa keni, na zile nyayo za mabuti makubwa kuzunguka jiwe ni za nani mwingine?"

Nikakaa chini. "Mbona hukumwambia?"

"Nikimwambia najua, ataacha. Atasema basi, limeshavunjika, kuna faida gani. Na mimi nilitaka aje." Alifuta jiwe kwa kiganja. "Mwanaume haruhusiwi kumzika mtoto wake. Huyu alipata njia ya kumzika. Amemzika kila asubuhi."

Nilitaka kuuliza nisichoweza kuuliza. Nikauliza hata hivyo. "Na mimi, mama? Aliambiwa na mimi."

"Nani mwingine angemwambia, ndege?" Hakunitazama. "Mwaka mmoja nilikukasirikia. Mwaka mzima, nakupikia, nakufulia, na nimekukasirikia. Kisha ukafaulu darasa la saba." Akaipokea keni mkononi mwangu, akamwagia juu ya udongo uliolowa tayari, yote, hadi tone la mwisho, ili nikirudi nimwambie baba kweli kwamba amekunywa.

Nilimwambia. Aliitikia kwa kichwa, kwa upande unaofanya kazi. Aliishi wiki sita, na kila siku aliniuliza, na kila siku nilishuka. Tulimzika makaburi ya kanisani, kilimani, penye changarawe na upepo, pamoja na wakubwa wenzake.

Visiki tumeving'oa, vijana wa kitongoji wamenisaidia, na nimepanda mikuyu na ile miti ya Kinyiha kwa mbegu nilizookota ndani ya kichaka. Inakua pole pole. Maji hayajarudi. Mtaalamu mwenzangu anasema yanaweza kurudi, mimi ni mtaalamu pia na najua maana ya yanaweza. Kama Bibi alikuwa sahihi kuhusu tumbo la mama, siamini, na siwezi kuapa. Kuhusu kivuli na maji alikuwa sahihi kabisa, na hakuwa na namna ya kulisema jambo hilo ambayo mwanawe angeweza kuisikia.

Pasaka hii nilikwenda nyumbani. Tulipotoka ibadani mama aliniambia nimsubiri, akaenda nyuma ya kanisa, akarudi na ile keni. Alikuwa ameiacha huko tangu asubuhi, imejaa. Tukapanda hadi kwenye kaburi la baba. Akaanza kumwagia, kuanzia kichwani, taratibu, na changarawe ikawa inayanywa maji kabla hayajatulia.

"Mama," nilisema, "si ni kwa wasio na meno?"

"Ni kwa wasio na meno."

Alihamia upande wa miguuni. Maji yalikuwa yanakwisha, akaiinamisha keni zaidi.

"Lakini huyu ameyabeba sana," alisema. "Acha na yeye anywe."